Maji Moto ya Fungate

Jumanne, 6 Julai 1954

Ushindi, japo hakuna aliyenipongeza kwa dhati. Tangu upepo wa kusi uanze, kile kibomba kifupi kilichochomoza juu ya paa kinapiga mluzi kutwa. Nikamwambia Bi Tabia, mwenye nyumba, kwamba mluzi wa namna ile huita mashetani, na harusi ya bintiye Mwanakheir ni wiki ijayo. Akashtuka. Nikapanda, nikakishindilia makumbi ya nazi, nikafunika kwa chokaa. Kimya! Msabah, fundi baiskeli wa kichochoro cha pili, akauliza, "Kificho, kibomba kile kilikuwa na kazi gani?" Nikamjibu kuwa kazi yake ilikuwa kupiga mluzi. Wivu unamla.

Jumamosi, 10 Julai

Balaa. Uani kuna pipa la chuma ambalo marehemu mume wa Bi Tabia aliliagiza Bombay. Chini moto, juu mabomba, na maji ya moto hupanda mpaka bafu la ghorofa ya juu. Kila Jumamosi mimi ndiye ninayelichochea, mwaka wa kumi na moja huu, na kwa kazi hiyo nimepewa chumba cha chini. Leo pipa linatokota, mabomba ya juu baridi. Nimeyashika moja moja. Baridi!

Bi Tabia kasema Alhamisi ni harusi, Ijumaa maharusi wanaanza fungate, siku saba ndani, na maji yao ya kuoga lazima yawe ya moto. Yasipokuwa, chumba atapewa anayeijua kazi. Hakumtaja mtu. Alitazama upande wa kichochoro cha pili.

Jumapili, 11 Julai

Ni kuni. Kuni mbichi! Nimezibadilisha zote. Pipa likanguruma mpaka paka akahama. Mabomba baridi vilevile.

Basi si kuni. Ni Msabah. Wiki iliyopita nilimwona amesimama uani akiyatazama mabomba. Mtu hatazami bomba bila sababu.

Jumatatu, 12 Julai

Nimeyagonga mabomba kwa nyundo kutoka chini hadi juu, ili uchafu utoke. Kilichotoka ni plasta ya ukuta uliopakwa rangi juzi kwa ajili ya harusi. Bi Tabia akachukua ufagio, akaizoa mwenyewe. Afadhali angenitukana.

Msabah kapita, kasalimu kwa adabu zake za kuudhi, kauliza hewa ya kwenye mabomba hutokea wapi. Nikamwambia hewa hutokea baharini, kila mtu anajua.

Jumatano, 14 Julai

Nimefukiza ubani bafuni. Bafu linanukia vizuri sana. Maji baridi.

Bi Tabia akauliza, je, tukizibue kile kibomba cha juu? Nikakataa katakata. Katika nyumba hii nimesifiwa kwa kazi moja tu, nayo ndiyo hiyo. Siifumui.

Lakini nina mpango. Maji yakikataa kupanda, yatapandishwa.

Ijumaa, 16 Julai

Naandika, sijui kwa hasira au kwa fedheha.

Baada ya sala ya alfajiri nikaanza kupandisha maji ya moto kwa debe, ngazi arubaini na nane, niyamimine kwenye birika la kuogea bafuni. Nani angejua kama hayakupita bombani? Safari tatu salama. Ya nne, niko bafuni nimeinama, mlango ukafunguliwa. Bi Sichana, somo wa bibi harusi, kungwi wake! Mkononi bakuli la singo ya kumsugua mwari, nyuma yake Mwanakheir mwenyewe kajifunika gubigubi. Na mimi, mwanamume, ndani ya bafu la fungate! Hata baba wa bwana harusi hakanyagi ghorofa ile wiki hii.

Bi Sichana akapiga ukelele mtaa mzima ukaamka. "Kificho! Huna haya wewe? Wamvizia mwari wangu mpaka chooni?"

Nikamwambia nimeleta maji. Ndiyo kweli yenyewe, na haikunisaidia. Debe likaniponyoka, likabingirika ngazi zote arubaini na nane. Wanawake wa jikoni wakanipokea chini kwa miiko.

Bi Tabia akamwita Msabah. Pipa hata hakuligusa. Akapanda juu ya paa na msumari, akachokoa chokaa yangu, akayavuta makumbi yangu. Kibomba kikakohoa, kikatema upepo. Chai yake haijapoa, maji ya moto yakafika bafuni. Akawaeleza wanawake kwamba hewa ilinasa ndani ikazuia maji, na kibomba kile ndicho mlango wake wa kutokea. Vigelegele! Kwa Msabah!

Nimekunja mkeka wangu. Miaka kumi na moja imeenea katika furushi moja. Nilisimama mlangoni kitambo kizuri nikijifanya nafunga kamba ya furushi, na hakuna aliyeniuliza naenda wapi. Hilo limeniuma kuliko miiko.

Ijumaa, 23 Julai

Niko Ng'ambo, upande wa pili wa mji, kwa dada yangu Wanu, anayeishi kwa kuoka mikate na kuiuza. Fungate imekwisha jana. Nasikia bwana harusi ameyasifu maji. Msabah analala chumbani kwangu. Mwizi! Mabomba niliyalegeza mimi kwa nyundo, maji yalikuwa njiani, yeye kayakuta yanafika. Ajuaye mabomba atalielewa hili.

Huku nimeanza upya. Tanuri la Wanu lina bomba la moshi linalovuma siku nzima. Nikamwambia nyumba yenye watoto haifai kuwa na mluzi. Jana nimeliziba. Makumbi, chokaa, na safari hii nimezidisha. Kimya!

Leo nyumba imejaa moshi, mikate yote imetoka mibichi, na Wanu, macho mekundu, ananiuliza nitaondoka lini. Tanuri nimelikagua pande zote. Ni kuni. Na kama si kuni, juzi nilimwona Msabah akipita Ng'ambo kwa baiskeli.