Maoni ya Bwana Aida na Wenzake

Jumatatu, 6 Oktoba

Siku ya maajabu! Kabla milango ya duka letu kubwa, Akaneya, haijafunguliwa, meneja Tokairin ametukusanya sisi wenye vibanda vya chini ya ardhi. Ameinama mara tatu. Meneja akiinama mara moja ni salamu, mara mbili ni samahani. Mara tatu, funga mizigo. Na kweli. Mwisho wa mwezi ghorofa yetu inafungwa, inageuzwa stoo. Vibanda saba, nafasi iliyobaki ni moja tu, huko juu, kando ya ngazi za umeme. Ataipata nani? Amesema wateja ndio watakaosema, kwa kadi za maoni. Zile anazozijibu kwa mwandiko wake na kuzibandika ubaoni, mji mzima usome.

Wenzangu wameduwaa. Mimi moyo umeruka! Marehemu baba alianza kuchonga mihuri ya majina, ile watu wanayogonga badala ya sahihi, humu siku Akaneya ilipofunguliwa, miaka hamsini na moja sasa. Nikiikosa nafasi hiyo, muhuri wa ukoo wetu wa Kuwabara umekwisha. Tangu ofisi ziache kudai mihuri, hakuna atakayenifuata uchochoroni.

Mpinzani ni mmoja: Bi Nezu wa kibanda cha jirani, muoka mikate ya umbo la samaki, maharage matamu tumboni. Foleni yake ya wasichana wa sekondari huziba mlango wangu. Wateja wangu wiki iliyopita: wawili. Mmoja alikuwa anauliza choo.

Jumanne, 7 Oktoba

Mpango! Nimeandika kadi kumi na mbili. Nyingine kwa mkono wa kulia, nyingine kwa wa kushoto, moja nimefumba macho ili ionekane ya ajuza. "Mchonga mihuri wa chini ni hazina ya mji." "Muhuri aliomchongea mume wangu umedumu kuliko mume wangu." Hiyo ya pili nimeisoma mara sita. Kisha, ili maneno yapate uzito, kila kadi nimeigonga muhuri. Nina rafu ya kuzunguka yenye mihuri mia nane iliyo tayari, kila jina la ukoo na tundu lake, kwa mpangilio wa silabi za kwetu. Nimeanza juu, kistaarabu. Aida. Aoki. Akiyama. Asano.

Mke wangu Yoshie ameuliza: baba, tangu lini mtu akagonga muhuri kulalamikia kiyoyozi? Nimemjibu kwamba watu wenye heshima zao hufanya hivyo. Akasema hao angependa sana kuonyeshwa mmoja.

Jumatano, 8 Oktoba

Zimebandikwa! Zote! Meneja amemwandikia Bi Aoki, yule wa mume asiyedumu, kwamba anampa rambirambi na pongezi kwa pamoja, na hajui aanze na ipi. Mbele ya ubao walijaa wale bibi ishirini wanaofanya mazoezi ya viungo ukumbini kila asubuhi, maana nje baridi imeshaanza kung'ata. Mmoja akapaza sauti: "Jamani huyu mke wa Aoki ana ulimi!" Mwingine akasema anamfahamu fika, walisoma pamoja. Nimesimama nyuma yao nikiitikia kwa kichwa.

Bi Nezu ana kadi nne. Moja imeandikwa "Tamu" tu, na picha ya samaki. Nikampa pole. Akacheka, akasema, "Mzee Kuwabara, kumbe una wateja wote hawa! Wanapitia wapi, dirishani? Huku chini mbona hakuna dirisha?"

Kijicho. Nimeandika nyingine kumi na tisa.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimegundua siri ya Bi Nezu: anaonjesha. Kipande kidogo kwenye kijiti, bure, mtu amenasa. Basi nami nimeonjesha! Nimebeba rafu na kidau cha wino mwekundu mpaka juu, nikatangaza: njoo ugongewe jina lako kiganjani, bure! Wamemiminika! Wasichana waliokuwa wakijisomea kwenye meza za vyakula, wazee wa kusoma gazeti, akina mama na vikapu vyao. Kina Sato peke yao walikuwa arobaini na kitu. Akaneya haijachangamka hivi tangu mwaka ule theluji ilipofunga barabara na mji mzima ukashinda humu.

Kisha wote wakapanda ngazi za umeme. Mtu akipanda ngazi za umeme hushika mkono wa ngazi. Wino wetu haukauki upesi, na mkono ule wa mpira unazunguka. Kufika saa sita ngazi zilikuwa zinapandisha Sato, Sato, Sato hadi ghorofa ya tano, na kuwarudisha chini tena. Mama wa usafi amenitazama, akatazama ngazi, akaenda kuchukua kitambaa. Heri angetukana.

Lakini jina limetangazika! Si langu, ila jina.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimeitwa ofisini. Nimevaa tai. Ushindi!

Meneja amenimiminia chai. Mezani zilikuwa kadi zangu thelathini na moja, zimepangwa mstari. Akasema kwa adabu kubwa kwamba amevutiwa na nidhamu ya wakazi wa mji huu, wanavyokuja kutoa maoni mmoja mmoja kwa mpangilio wa rafu yangu. Siku mbili, hata herufi A hawajaimaliza. Hajafika Sato hata mmoja, na Sato ndio nusu ya mji. Halafu akaweka juu ya meza kitambaa kilichotumika kufuta mkono wa ngazi, kando ya kadi yenye muhuri wa Bwana Aida. Wekundu ni uleule.

Nikasema ni sadfa. Akasema, "Sadfa, naam," akanimiminia tena. Chai ya pili katika ofisi hii haijawahi kumfaa mtu.

Ndipo akaniomba nisome kadi moja isiyo na muhuri. Mwandiko wa penseli, wa Bi Nezu: "Mimi hata mkiniweka maegeshoni, watu watafuata pua zao. Mzee Kuwabara hana harufu. Nafasi mpeni yeye."

Nilikosa pa kutazama. Nikatazama chai.

Meneja ameamua: nafasi itagawanywa, nusu samaki, nusu mihuri. Na mkono wa ngazi nitausugua mwenyewe mpaka Sato wa mwisho atoke.

Jumatatu, 3 Novemba

Siku ya kwanza juu! Saa nne kamili tumejipanga mlangoni, tumeinama, milango ikafunguka, watu wakaingia kama maji. Bi Nezu amenipa samaki wake wa kwanza, wa moto. Machozi yamenilenga. Sitamsahau mwanamke huyu maisha yangu yote.

Na rafu, jamani! Wanaosubiri mkate hawana la kufanya, basi wanaizungusha wakitafuta majina yao. "We Kikuchi, huyu hapa babu yako!" Kabla ya adhuhuri nimeuza mihuri tisa. Tisa! Bibi mmoja wa mazoezi ameagiza wa kuchongwa hasa, wa mjukuu anayeolewa. Baba angeiona siku hii.

Saa nane, foleni ilipopungua, nimepima kaunta. Nusu ya Bi Nezu inaizidi yangu kwa vidole vinne.

Vinne!

Nimeketi nyuma ya pazia nikaandika kadi kumi na moja, za wateja wanaoona uchungu kwa jinsi mchonga mihuri alivyobanwa. Safari hii nimetumia akili. Kosa la mara ile ni kuanza mwanzo wa rafu. Leo nimeanza mwisho. Watanabe. Wada. Washio.