Igizo Lililopigwa Muhuri

Kwa heshima zote, Idara yetu ya Usajili inautangazia umma kwamba Shindano la Kwanza la Maigizo Mafupi ya Redio lilifana sana, na kwamba yanayosemwa mitaani kulihusu ni ya kweli, ila hayakuwa kwenye ratiba.

Mimi ndiye Katibu wa Kamati ya shindano hilo. Kabla ya hapo nilikuwa Katibu wa Kamati ya Viti vya Kusubiria, iliyomaliza kazi yake bila kununua kiti hata kimoja, na ripoti yake ikasifiwa. Kwa hiyo Mkurugenzi alipoamua kwamba wananchi waandike maigizo ya dakika kumi kuhusu uzuri wa huduma zetu, hakuumiza kichwa kutafuta mtu.

Masharti niliyatunga mwenyewe. Kila igizo liletwe kwa nakala kumi na nne. Mhusika aliye mtumishi wa idara awe na sauti ya upole. Ukimya usizidi sekunde tatu, na uwe ukimya wenye matumaini.

Baada ya wiki sita tulikuwa na maigizo matatu. La kwanza lilikuja limesharekodiwa: mlio wa mvua, mwanzo hadi mwisho. Mwandishi alieleza kwamba aliwaondoa wahusika mmoja mmoja kwa kuogopa kumkwaza mtu. La pili lilitoka kwa shemeji yake Mkurugenzi. Lilikuwa hotuba, na mwishoni mlango unafungwa. La tatu liliandikwa kwa mkono kwenye karatasi za kukatia nguo, na ndani yake mlikuwa na watu wawili wanaozungumza. Kamati ilikubali kwa kauli moja kwamba hilo ndilo igizo.

Mwandishi alikuwa fundi cherehani ambaye wateja wake humwita Mama Pindo. Sote tulimfahamu. Kwa miezi kumi na minne alikuwa akifika dirisha namba tatu kumsahihishia bintiye cheti cha kuzaliwa. Daftari letu lilisema binti huyo ni mwanamume, na amezaliwa miaka miwili kabla ya mama yake. Fomu ya masahihisho alishaijaza. Kilichobaki ni saini ya Mkurugenzi na muhuri, na hapo fomu yenyewe ingekuwa cheti halali. Binti alikuwa amepata nafasi chuo cha uuguzi. Mwisho wa kuripoti ulikuwa Ijumaa, na chuo kilishasema wazi kwamba hakina bweni la wazee wa kiume.

Igizo lake liliitwa "Njoo Kesho". Mtumishi wa dirishani alikuwa na maneno hayo mawili tu, mara thelathini na moja, na kati yake ulisikika mlio wa kijiko kwenye kikombe. Naomba ieleweke kwamba watumishi wengi wana vikombe.

Tulimwita ofisini.

"Mama, kamati imeguswa," Mkurugenzi alimwambia. "Ila kuna marekebisho madogo."

"Nawasikiliza, mheshimiwa."

"Jina litakuwa 'Karibu Leo'. Mwananchi atahudumiwa dakika ya kwanza. Dakika tisa zilizobaki atashukuru."

"Mheshimiwa, nani anashukuru dakika tisa?"

"Wewe si mwandishi? Buni."

Mama Pindo alifikiri kidogo. "Basi naomba nimwongezee yule mtumishi maneno. Aisome fomu, aulize maswali, asahihishe, asaini, apige muhuri. Watu wasikie kazi inavyofanyika."

Mkurugenzi akajiweka sawa kitini. "Nafasi hiyo ni nzito," alisema. "Haiwezi kuachiwa mtu wa kuokotwa tu."

Akaichukua yeye. Nafasi ya mwananchi alipewa Mama Pindo mwenyewe, kwani idara nzima haikuwa na mtu anayejua kusubiri.

Igizo lilirushwa moja kwa moja Alhamisi saa nne asubuhi, kwa sababu Mkurugenzi alisema kurekodi ni kwa watu wanaokosea. Studio ilikuwa chumba kidogo kilichobandikwa trei za mayai ukutani. Fundi mitambo aligonga kipande cha mbao mezani kujaribu sauti ya muhuri, akakunja uso.

"Bosi, hii inalia kama mtu anajipiga kofi pajani. Msikilizaji si mjinga."

Mkurugenzi akanituma muhuri wenyewe, ule unaotoka kwenye kabati la chuma kwa kibali maalumu. Kibali nilikiandika mimi, na nikakiidhinisha.

"Na karatasi tupu hailii vizuri," Mama Pindo aliongeza, akifungua mkoba. "Ninayo hii. Imekunjwa na kukunjuliwa miezi kumi na minne. Inalia yenyewe."

Taa nyekundu ikawaka. Lazima niseme ukweli: Mkurugenzi aliigiza vizuri mno.

"Karibu, mama, keti. Nani ameandika hapa mwanamume? Huyu si binti?"

"Ni binti, mheshimiwa."

"Basi hili ni kosa letu. Tunasahihisha sasa hivi."

Kalamu ikakwaruza. Alisaini jina lote, na mkia wake. Halafu muhuri: Pa! Fundi mitambo akanyanyua dole gumba.

Ikafika zamu ya shukrani. Mama Pindo aliisoma kwanza fomu. Nilitazama saa: sekunde tatu, tano, kumi na mbili. Alikuwa ameushika ukingo wa karatasi kwa vidole vyenye alama za sindano, na midomo yake ilikuwa ikicheza bila sauti. Hilo halikuwa kwenye mswada. Mkurugenzi akamwonyesha mstari kwa kidole.

"Ahsante," alisema hatimaye. "Hii inatosha."

Akaikunja karatasi, akatoka. Dakika saba zilizobaki fundi mitambo alizijaza kwa ile mvua.

Saa tano Mkurugenzi alikuwa kwa mwanasheria wetu.

"Futa saini ile. Lilikuwa igizo tu."

"Inafutika, bosi. Utatangaza redioni kwamba uliposaini hukuwa unamaanisha."

"Nitatangaza."

"Watauliza ni lini huwa unamaanisha."

Mkurugenzi akaketi.

Hakikufutwa kitu. Ijumaa asubuhi binti aliripoti chuoni, akapewa kitanda na ndoo. Mchana wizara ikampigia Mkurugenzi simu kumpongeza. Walikuwa wamesikiliza. Waliagiza kipindi kiendelee kila siku, moja kwa moja, kutoka dirisha namba tatu, na Mkurugenzi yuleyule.

Jumatatu foleni ilifika barabarani, na kila mtu ana mswada wake. Wa mbele alikuwa mwashi, mswada wake mistari minne.

"Kipaji sina, mzee," alisema, "ila nakala kumi na nne ninazo."

Mkurugenzi akakiinamia kipaza sauti na kuanza. "Karibu, baba, keti. Shida ni nini?" Pa! Kufikia jioni alikuwa amemaliza mafaili ya miaka mitatu, na sauti imemkauka.

Huu ni mwezi wa pili. Anaingia saa mbili kasoro. Amejifunza kuuliza habari za watoto. Mara moja moja hugeukia kipaza sauti na kuwasalimia wasikilizaji wa nje ya mji.

Wiki iliyopita niliangusha kalamu, nikapiga magoti chini ya dirisha kuitafuta. Niliufuata waya wa kipaza sauti kwa macho. Ulikwenda hadi nyuma ya mguu wa meza, ukaishia hapo. Nikamuuliza fundi mitambo.

"Kipindi tulikikata wiki ya kwanza," alisema. "Ligi ya mpira imerudi, ikachukua saa yetu. Nilipokuja kuchukua vifaa nikaikuta ile foleni, nikaona aibu. Nikawaachia hicho kipaza sauti kibovu."

Mkurugenzi hajui. Kamati yangu imeshakaa vikao viwili kujadili namna bora ya kumwarifu, na imeonelea kwamba suala hili bado linahitaji utafiti wa kina.