Nukta Moja ya Mhariri

Banaras. Jumatatu, 15 Machi 1937

Shivnandan, mtoto wa marehemu mdogo wangu, kaenda vijijini kutazama wakulima. Anaandika riwaya juu yao. Wakulima hawajui kusoma, na matajiri wanaowanyonya hawataki kusoma. Nani anunue? Hata jarida lake, *Jembe*, linalala stoo. Kasema toleo hili lisipoisha, anafunga kiwanda cha chapa na kuhamia Kalkuta kuandika matangazo ya mafuta ya nywele. Mimi na mvi zangu nibaki na nani?

Kaniapisha: "Baba mkubwa, usiguse herufi." Nikaapa. Lakini mpanga herufi kaenda ukweni, na ukurasa wa kwanza una pengo. Mimi nimesoma mpaka darasa la pili, na hilo la pili nimelisoma mara tatu. Nimepanga mwenyewe: "Mhariri wetu yuko kwenye wasiwasi mkubwa. Nunueni *Jembe*." Wasiwasi kwa lugha yetu ni chinta. Eti ina kinukta juu. Sikukiweka. Vinukta ni kinyesi cha nzi.

Alhamisi, 18 Machi

Limeisha! Stoo nyeupe! Watu wananunua huku wanalia. Kalamu ninayo, sikujua tu.

Hata Trilochan kaja, yule mhariri wa jarida la mashairi ya mbalamwezi, aliyekuwa akimwita Shivnandan mwandishi wa samadi. Kanikumbatia. Kasema nchi imepata pengo. Nikamjibu pengo nimeliziba mimi, ukurasa wa kwanza.

Jioni Sumitra, mke wa Shivnandan, kanisemesha nyuma ya mlango. Uso ananifunikia kwa heshima, ulimi hajaufunika hata siku moja. "Baba, bila nukta hiyo si chinta, ni chita! Umemlaza mume wangu juu ya kuni za kuchomea maiti!"

Kumbe. Majirani wameshakuja kumvunjia bangili za mkononi, awe mjane kamili. Kawafukuza na ufagio. Kataka nitangaze kosa. Nikamwambia apunguze sauti, wateja wanasikia. Mtu yu hai, jarida limeisha, kosa liko wapi?

Jumapili, 21 Machi

Kikao cha kumwomboleza Shivnandan, ukumbi wa maktaba. Nilikaa mbele. Mfiwa mkuu ni mimi.

Trilochan kahutubia mpaka sauti ikakauka. Kasema marehemu ndiye pekee aliyeandika njaa bila kuipaka rangi. Nyuma kukasikika mtu anapenga kamasi. Tukageuka. Shivnandan! Vumbi mpaka kwenye nyusi, katoka stesheni moja kwa moja, analia kwa kusifiwa.

Mzee mmoja kazimia. Wengine wakanirushia *Jembe* usoni. Trilochan ndiye aliyekasirika zaidi: "Yaani nimemsifu bure?" Shivnandan kamjibu kwa upole kwamba hotuba imeshasikika, hairudi mdomoni.

Jumatatu, 22 Machi

Sanduku la Shivnandan la kwenda Kalkuta lilikuwa mlangoni tangu alfajiri; kasema toleo lililouzwa kwa kifo cha uongo halihesabiki.

Saa nne Shivnandan kalifungua, katoa karatasi, kaketi. Kasema anaanza riwaya mpya: mji mzima unamlilia mwandishi ambaye haukuwahi kumsoma. Kalkuta ingoje. Nikamuuliza huyo baba mkubwa ndani ya riwaya ana sura nzuri? Kasema ana darasa la pili. Nikamsahihisha: mara tatu.

Basi nimeliokoa *Jembe*. Kila mtu anajua, hawasemi tu.

Imebaki kuwaomba radhi wasomaji. Shivnandan kasema ataandika mwenyewe, na kwa ukali karudia: "Baba mkubwa, usiguse herufi!" Kapanga mistari yake, kaenda kuoga mtoni.

Herufi sijagusa hata moja. Nimeongeza nukta tu, juu ya kila neno, asije mtu akaniambia kitu. Mashine inazunguka sasa hivi.