Mtihani wa Usingizi wa Mama

Jumatatu, 3 Machi
Mama amekata kauli. Jengo la marehemu baba haligusi mtu mpaka yeye mwenyewe alale humo usiku mmoja. Akipata usingizi, nifungue hoteli yangu. Asipopata, analikabidhi kwa Magodoro, mtoto wa mjomba, alifanye ghala. Magodoro anauza magodoro, na fikra zake hazijawahi kutoka nje ya godoro. Mtihani ni Ijumaa.

Nimelizunguka jengo lote. Ghorofa tatu za miaka ya hamsini. Chini maduka, juu ofisi zilizohamwa. Ngazi zina vijiwe vya rangi vilivyosuguliwa vikang'aa. Milango ya vioo vya ukungu, mmoja bado umeandikwa MHASIBU. Hoteli ndogo, ya wageni wenye macho! Mke wangu akauliza wageni hao wataogea wapi, maana kila ghorofa ina choo kimoja mwisho wa ujia. Nikamwambia ndoto kubwa haianzii chooni. Akasema mama yako ataanzia huko huko.

Jumanne, 4 Machi
Nimeula. Nyuma ya ofisi ya mhasibu kuna kichumba walichokuwa wakifungia fedha. Hakina dirisha, kuta nene, mlango wa chuma. Ndilo bafu. Fundi bomba akasema maji ataingiza, ila mlango ule heri ung'olewe. Nikamwambia auache, mlango ndio uhondo wenyewe. Wapi tena mtu anaoga akiwa amehifadhiwa kama dhahabu?

Jumatano, 5 Machi
Nimelijaribu bafu. Maji moto, tele. Nikavuta mlango, nikaimba.

Mlango unafunguka kwa nje tu.

Nimegonga mpaka kiganja kikavimba. Kuta zile zilijengwa zisipitishe mwizi, na sauti pia hazipitishi. Mke wangu alikuja kunitafuta nikiwa nimekaa juu ya ndoo, povu limenikaukia. Hakucheka. Akanifuta uso kwa upindo wa gauni lake, akauliza ingekuwaje kama humu angekuwa mama. Nililia kidogo. Nimemwambia ni sabuni.

Alhamisi, 6 Machi
Mlango umeng'olewa, pazia limewekwa. Magodoro alikuja kusaidia kuubeba. Kujipendekeza tu. Akaleta na godoro jipya, eti zawadi kwa shangazi yake, yaani mama. Njama! Nikajua lazima lina matuta. Nikalilalia ili kulikagua. Nimeamshwa jioni.

Basi kama hila haimo godoroni, imo kwenye kelele. Atatuma mtu apige honi dirishani. Mke wangu anasema Magodoro anampenda shangazi yake, basi. Mke wangu ana roho safi mno kwa biashara. Kesho nitaulinda mlango wa mama mimi mwenyewe. Hapiti hata paka.

Ijumaa, 7 Machi
Mama amekuja na mto wake na kandambili zake. Alisimama mbele ya mlango wa kioo, akayapapasa maandishi kwa kidole. Akasema humu ndimo alimofanya kazi ya ukarani akiwa msichana. Baba alikuwa mwenye jengo, lakini chai alimletea mwenyewe, kila siku, na kila siku alisahau sukari. Mama hakumwambia kamwe. Alikuwa akiificha yake kwenye droo ya meza. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kulisifia bafu. Nikayameza.

Ameniaga, amefunga mlango. Nimetandika ujiani, mgongo nimeuegemeza mlangoni. Macho kodo. Sisinzii ng'o.

Jumamosi, 8 Machi
Nimeamka nimefunikwa blanketi la mama. Mlango uko wazi. Yeye yuko kitini kizingitini, mto mapajani, ananitazama. Nikamuuliza ameamkaje. Akasema hakupata hata lepe la usingizi. Kuna mtu alikoroma usiku kucha.

Nikaruka juu. Nikasema ni mtu wa Magodoro, leo atanitambua. Mama akasema ni wewe, mwanangu.

Hoteli yote nimeipoteza kwa pua yangu mwenyewe. Nikaanza kukunja blanketi ili nisimtazame usoni.

Mama akanishika mkono. Akasema ninakoroma kama baba. Ninavuta, ninanyamaza mpaka mtu adhani nimekata roho, halafu ninaanza upya. Akasema tangu tumzike, nyumba yake ni kimya, na usingizi anaupata bila shida, ila hauna raha. Jana alifungua mlango ili asikie vizuri. Hakutaka kulala. Nikalia, safari hii bila sabuni. Naye akalia, huku ananicheka.

Amenipa jengo. Masharti mawili tu: nianze na chumba kimoja, na mke wangu ndiye akae na funguo. Nimeapa mbele yao wote wawili.

Jumapili, 9 Machi
Nimetafakari mno maneno ya mama, na sasa yameniingia. Kila hoteli ina vitanda na maji moto. Hakuna hata moja yenye mtu wa kumkoromea mgeni mlangoni! Upweke wote ulioko duniani, na hakuna aliyeona. Nafungua vyumba vyote mwezi huu, kila mlango na mkoromaji wake. Magodoro amekubali ghorofa ya pili, mradi alale juu ya godoro.

Mke wangu bado sijamwambia. Nimemwomba funguo, nikasema nataka kufagia tu.