Moto Chini ya Lori la Mzee Salum

Leo nimeumbuka. Tena mchana kweupe, mbele ya mji mzima, pamoja na abiria wa Laela waliokuwa wanajisafiria zao.

Ninyi mlikuwa arusini Mwimbi mnakula wali, hamkuona kitu. Nawasimulia mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine, maana watu wetu wa Katandala wakipata habari ya mtu hawaridhiki na chumvi. Wanatia na pilipili.

Mbwa wangu mnamjua, yule mwekundu. Anaitwa Moto. Jina nilimpa mimi, kwa sababu ya rangi yake. (Mama Anjela alitaka aitwe Bahati. Laiti ningemsikiliza!) Ni mbwa hasa. Tangu aje kwangu, nguruwe mwitu wanalisikia shamba langu la mahindi kwa jina tu.

Basi asubuhi bwana mifugo alikuja uwanjani karibu na soko kuchanja mbwa. Mmesikia kwamba kichaa cha mbwa kimeonekana huku kwetu, na yule ndama aliyeng'atwa wiki iliyopita amekufa akitokwa na povu. Mke wangu akaniambia, "Baba Anjela, mpeleke mbwa."

"Alichanjwa mwaka jana," nikasema.

"Wanasema ni kila mwaka."

"Hao wanaosema wana mbwa?"

Akachukua ungo wake. Mnajua mke akichukua ungo vile. Nikavaa koti langu, nikaenda uwanjani peke yangu, mikono mifukoni. Mbwa nimemwacha nyumbani, shingoni ana kile kibati chake cha chanjo ya mwaka jana. Nilikwenda kumwelimisha bwana mifugo. (Mimi! Fundi baiskeli!)

Nikakuta watu wengi na mbwa wengi, kila mbwa anambwekea mwenzake. Bwana mifugo ni kijana wa kutoka mbali, mpole, kaptura yake imepigwa pasi hata unaweza kukatia kucha. Nikasimama mbele yake, nikapaza sauti ili kila mtu afaidike.

"Bwana mifugo, mbwa wangu alikwisha kuchomwa sindano. Mtu habatizwi mara mbili!"

Watu wakacheka. Wakapiga na makofi. Nikaona kumbe nina kipaji.

Bwana mifugo hakukasirika. Alikuwa amemshika mbwa wa mtu katikati ya magoti yake, akamchoma, akamwachia, ndipo akanigeukia. "Mzee, wewe ni Mkristo?"

"Mkatoliki kabisa."

"Unaungama mara ngapi?"

"Walau mara moja kwa mwaka, kabla ya Pasaka."

"Basi mbwa wako naye anaungama hivyo hivyo. Sindano si ubatizo. Nguvu yake inapungua mwilini kidogo kidogo. Mwaka ukipita anarudi, anaanza upya."

Jamani! Uwanja ulilipuka. Mzee mmoja alicheka mpaka akamkalia mbwa wake. Mimi nikajifanya nafunga vifungo vya koti.

Halafu bwana mifugo akasema jambo lisilochekesha. Kuanzia kesho, mbwa yeyote atakayekutwa njiani bila kibati cha mwaka huu atapigwa risasi na askari. Cha mwaka jana hakihesabiwi.

Nikageuka nyuma pale pale. Nilitembea kama mtu asiye na haraka mpaka nilipopita kona, kisha nikakimbia.

Nyumbani mke wangu alikuwa anapepeta ulezi. Alininyooshea kamba. (Alikuwa ameiweka tayari! Hilo liliniuma kuliko lile la maungamo.)

Nikamfunga Moto shingoni, tukaondoka. Alikuja vizuri, mkia juu, anasalimiana na kila kichaka. Ila tulipokaribia soko, upepo ukamletea harufu ya dawa. Akasimama. Akakumbuka ya mwaka jana. Mimi nikavuta huku, yeye akavuta kule, kitanzi cha kamba kikamvuka kichwani, nikabaki nimeshika kamba na heshima yangu yote imekwenda naye.

"Moto!" nikaita.

Akakata mbio kuelekea sokoni.

"Moto! Moto! Mshikeni! Moto anakimbia!"

Sasa nawaomba mfikirie. Ni kiangazi. Upepo wa huku Ufipa mnaujua, ukianza asubuhi haupumziki. Nyumba zetu ni za nyasi, na mwezi huu huu nyumba ya jirani yetu mmoja imeteketea kwa cheche ya jikoni. Halafu anatokea mtu mzima, macho yamemtoka, anapiga kelele katikati ya mji, "Moto! Moto!"

Mimi wala sikuwaza hayo. Nilikuwa nawaza risasi tu.

Nikasikia mlango unafunguliwa, na mwingine, na mwingine. Wanawake wakatoka na mitungi. Kengele ikaanza kugongwa mahali fulani. Nikajisemea moyoni: lo, watu wa hapa wana upendo, wote hawa wanamtafuta mbwa wangu! Nikapata nguvu, nikazidisha sauti.

Moto akafika mbele ya duka la Mzee Salum. Mnalijua lori lake, lile la kwenda Laela. Lilikuwa limejaa tayari: magunia chini, abiria juu ya magunia, na nyuma kabisa madebe ya mafuta ya taa. Mbwa akaingia uvunguni, akalala.

Nami, kwa furaha ya kumwona ametulia, nikapiga ule ukelele ambao nitazikwa nao:

"Moto yuko chini ya lori! Moto yuko chini ya loriii!"

Juu ya lori hakubaki mtu. Waliruka kama panzi. Mama mmoja mnene alimtupa kuku kwanza, akafuata yeye, akamwangukia abiria mmoja mwenye mwavuli. Mzee Salum, na umri wake ule, alitoka dukani amebeba ndoo ya maji ya kutawadhia, kofia imemwangukia jichoni. Akaimwaga yote uvunguni. Nyuma yake Bibi Skolastika, mjane wa jirani yangu, akaja na mtungi. Wengine wakaja na madebe. Wengine mchanga. Maji yakatoka kulia, maji yakatoka kushoto, waliosimama upande huu wakawamwagia wa upande ule.

Bwana mifugo naye alikuwa amekuja mbio, sindano mkononi. Alikuwa amemwona Moto akipita mbio, basi yeye peke yake ndiye aliyefahamu kwamba kinachotafutwa ni mbwa. Akainama kuchungulia chini ya lori. Debe zima likamshukia mgongoni.

Kisha maji yakaisha. Watu wakatazama. Hakuna moshi. Hakuna hata harufu ya moshi.

Kutoka uvunguni, taratibu, akajitokeza Moto. Mkavu! Nawaapia, katika mji mzima kiumbe mkavu alikuwa yeye tu. Alikuwa amejibanza nyuma ya gurudumu. Akajinyoosha, akapiga miayo.

Mzee Salum akanigeukia, ndevu zinadondosha maji. "Wewe ndiye uliyepiga kelele?"

"Shikamoo, mzee."

"Shikamoo yako niwekee. Moto uko wapi?"

Nikanyoosha kidole. "Yuko... huyu hapa, mzee. Ndilo jina lake."

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo baya. Wangecheka ningepona. Nikaona nijitetee kisomi: "Lakini mzee, sikilizeni vizuri. Mimi nilisema *anakimbia*. Nilisema *yuko* chini ya lori. Angekuwa moto wa kuunguza ningesema *unakimbia*, *uko*..."

Bibi Skolastika akauweka chini mtungi wake mtupu. "Mjukuu wangu," akasema, "mtu nyumba ikimwungulia, anakaa kusikiliza sarufi?"

Hapo ndipo walipocheka. Abiria wa Laela walikaa chini wakicheka, mama wa kuku akamsahau kuku. Mzee Salum alijitahidi kushika ukali, midomo ikamshinda, akaingia dukani upesi, na tukamsikia huko ndani anakohoa kwa namna isiyo ya kikohozi.

Bwana mifugo akapiga goti kwenye tope, kaptura yake sasa haina pasi wala nini, akamchoma Moto sindano. Mbwa hakulia. Akafungwa kibati kipya. "Mwakani tena, mzee," bwana mifugo akaniambia, "lakini nitakuja kwako mwenyewe. Usinitafute."

Mnadhani yamekwisha? Yale maji waliyomwaga yalikuwa ya kunywa na ya kupikia. Bibi Skolastika akaninyooshea kidole na akina mama wengine wakanizunguka, wakanikabidhi mitungi. Tangu mchana mpaka jua linaelekea kuzama nimekuwa nachota kijitoni, nimebeba kichwani kama mwali, ngata na kila kitu. Wanaume wenzangu wakipishana nami wanasema, "Pole na moto." Mbwa ananifuata nyuma, kibati kinang'aa, anadhani tunatembea.

Nilipomaliza, mke wangu akanipa ugali na maneno mawili matatu. "Tumbadilishe jina," akasema. "Mwite Maji."

"Mama Anjela," nikamwambia, "kiangazi hiki, nikipita mjini naita Maji! Maji!, si watu watanifuata na ndoo tupu mpaka Laela?"

Basi hayo ndiyo yaliyonipata. Wenye mbwa, bwana mifugo bado yupo, wapelekeni kesho asubuhi kabla askari hawajaanza kuzunguka, na wafungeni kamba mbili. Na tafadhali, tuko kwangu, watoto wanalala, msicheke.

Wewe mwenye kofia mdomoni, nimekuona.