Mtihani wa Kutopotea Fez

Ilitangazwa rasmi, kwa kipaza sauti cha kukodi, mbele ya ofisi zinazotazama bahari mjini Lamu, kwamba Idara ya Vichochoro na Msongamano imekamilisha maandalizi ya awali ya matayarisho ya ziara ya mafunzo katika mji wa kale wa Fez, nchini Moroko. Wananchi wakapewa fursa ya kupiga makofi. Wananchi wenyewe walikuwa wapagazi wanaongoja boti ya Mokowe, na makofi waliyapiga, maana kipaza sauti kilielekezwa masikioni mwao na walitaka kinyamaze.

Aliyesoma tangazo alikuwa Bwana Bramwel Wafula, Naibu Mkurugenzi wa Idara na Mwenyekiti wa Kamati ya Ziara. Alieleza kwamba Fez ni mji wa ajabu. Una vichochoro vyembamba visivyoingia gari. Mizigo hubebwa na punda. Nyumba zimebanana, wageni wanajaa, na mwenye punda akipita hupiga kelele watu wampishe.

"Mambo kama haya," alisema Bwana Bramwel, "hatuwezi kuyafahamu kwa kusimuliwa. Lazima twende tukajionee."

Mpagazi mmoja akageuka akatazama nyuma, penye uchochoro uliokuwa ukitoa punda mwenye saruji na mtu anayepiga kelele "Simileni! Simileni!" Kisha akamtazama Bwana Bramwel. Boti ikafika, akainua mzigo wake.

Bwana Bramwel hakuwa mtu mbaya. Aliletwa Lamu kikazi kutoka Kimilili miaka kadhaa nyuma, akapata nyumba inayotazama bahari, karibu na ofisi inayotazama bahari, na hakupata sababu ya kwenda nyuma ya hapo. Mboga na maji aliletewa mlangoni na Nabhan, mwenye punda aitwaye Tarishi. Alichokitaka duniani kilikuwa kimoja tu: kupanda ndege kubwa, ile ambayo mtu hupewa blanketi. Alikitaka sana, mpaka akawa anaona haya. Mama yake alikuwa ameshalitangazia kanisa zima huko nyumbani, na mchungaji amewaombea "ndugu yetu anayekwenda Moroko na rubani wake." Bramwel mwenyewe alikuwa amenunua koti zito jeusi, baada ya kusoma kwamba baridi ya Fez haina mchezo. Jioni akitoka kazini alilivaa, akawasha feni, akajitazama kwenye kioo, jasho likimtiririka hadi kidevuni.

Tatizo lilikuwa moja. Ziara ilipotajwa, maafisa waliokuwa hawaonekani kazini wakaanza kuonekana, kila mmoja akitaka kwenda. Hata mlinzi wa lango alianza kusema "bonjour." Bwana Bramwel alikaa akafikiri, akaingia mtandaoni, akasoma ushauri wanaopewa wageni wa Fez. Aligundua kwamba hatari kubwa ya mji ule ni kupotea. Mgeni akiuliza njia, amekwisha. Akimsikiliza mtu anayemwambia "huku kumefungwa," atapelekwa dukani kwa shemeji yake. Akikubali chai, atatoka na zulia.

Basi Kamati ikapitisha Kanuni za Mtihani wa Kutopotea. Atakayekwenda Fez ni yule atakayevuka mji wenye vichochoro kutoka upande mmoja hadi mwingine, bila kuuliza njia, bila kumwamini anayesema njia imefungwa, bila kununua kitu na bila kupokea chai. Kwa kuwa Fez haikupatikana karibu, iliazimiwa mtihani ufanyike katika mji unaofanana nayo. Utafiti ulifanywa. Ikabainika kwamba mji unaofanana nayo zaidi ulikuwa nyuma ya ofisi.

Maafisa wote waliozaliwa Amu, kama wenyeji wanavyoiita Lamu, na kisiwa jirani cha Pate waliondolewa mapema, kwa sababu ya mgongano wa maslahi: walikuwa wanaijua njia. Wengine waliposikia habari ya kutembea kwa miguu, wakajiondoa wenyewe. Wakabaki Bwana Bramwel, katibu wake Kagendo, na Austin, dereva wa Idara, ambaye tangu aajiriwe kisiwani hajapata gari la kuendesha wala njia ya kulipitisha, na hali hiyo ameipokea kwa uvumilivu mkubwa.

Siku ya mtihani Mkurugenzi mwenyewe, Bi Chelangat, alivuka kutoka bara na kuketi chini ya hema pale Mkunguni, kiwanjani mbele ya ngome, ili awapokee watakaofaulu. Watahiniwa walipelekwa juu, upande wa msikiti wa Riyadha, wakavishwa vitambulisho shingoni. Maji ya kunywa alibebeshwa Tarishi. Nabhan alikatazwa kumsindikiza, maana naye anaijua njia. Na kwa kuwa Kanuni zilisema kila aliye katika msafara avae kitambulisho, Austin akamvisha na punda.

"Tutaonana Mkunguni," alisema Bwana Bramwel. Akaingia uchochoro wa kwanza kwa hatua za mtu aliyekwisha kufaulu.

Uchochoro ukakata kushoto. Ukakata kulia. Ukapita chini ya nyumba iliyovuka juu ya njia, kukawa giza, kukawa mwanga tena, na mbele kukawa na njia mbili zinazofanana kabisa. Alichagua ile iliyoonekana ya kiserikali zaidi. Mzee Jaafar, fundi wa milango, alikuwa ameketi kizingitini akichonga nakshi.

"Bwana, huko hakuna ndia," alimwambia.

Bwana Bramwel alitabasamu. Alikuwa amewasoma watu wa namna hii. "Asante, mzee. Nimeshasoma habari zenu," alisema, akaendelea. Njia ikaishia ukutani, penye kuku mmoja aliyelalia mayai. Wakatazamana. Bwana Bramwel akarudi.

"Haipo?" Mzee Jaafar akamuuliza bila kuinua uso.

"Ipo. Nilikuwa naikagua."

Baada ya hapo mambo hayakuwa mazuri. Alipita msikiti mdogo mweupe, akafurahi, kisha akaupita tena, akafurahi kidogo, na alipoupita mara nyingine hakufurahi hata kidogo. Viatu vyake vya ngozi vilikuwa vimekanyaga vitu ambavyo punda huacha. Shati lilimganda mgongoni. Kila baada ya kitambo alipita mbele ya daka moja, ile sebule ya mlangoni yenye viti vya mawe huku na huku, na humo alikuwamo bibi aliyevaa buibui akishona kofia kwa sindano. Huyu alikuwa Bi Radhiya, mzaliwa wa Pate aliyeolewa Amu.

"Wapita tena, mwanangu?" alimuuliza.

"Ni ukaguzi, Bi."

"Mwenyezi Mungu akupe nguvu. Na ulipopita ile mara nyingine?"

"Ulikuwa ukaguzi wa ukaguzi."

"Ndoo uketi," akamwita, akiyatazama macho yake mekundu. "Mato yamekuiva."

Kanuni hazikukataza kuketi. Bwana Bramwel akaketi juu ya jiwe, na baridi ya lile jiwe ilimpendeza kuliko alivyotaka kukiri. Alijifuta uso. Aliyazungusha macho kama mtu anayenunua nyumba.

"Mahali hapa ni pazuri," alisema.

"Ni pazuri, alhamdulillahi."

"Pana jina, bila shaka."

"Panalo."

Akangoja. Bi Radhiya akatunga uzi kwenye sindano.

"Na mtu akitoka hapa," alisema Bwana Bramwel, "nadhani hutokea mahali pengine."

"Ndiyo ada ya ndia, mwanangu."

"Mkunguni nako kupo, kwa upande wake."

"Kupo. Jana kulikuwapo, na leo sikusikia kwamba kumehama."

Msichana akatoka ndani na sinia: chai ya tangawizi na iliki, na mahamri yangali yakitoa moshi. Harufu ikamfika Bwana Bramwel puani, ikashuka, ikamkamata tumbo. Tangu asubuhi alikuwa hajatia kitu kinywani, kwa sababu ya kiherehere cha safari. Aliukaza mkono wake gotini.

"Siwezi, Bi. Kuna kanuni."

"Twazijua. Kipaza sauti chenu kilifika hata mbinguni. Usipokee chai." Alikisogeza kikombe mpaka kikamgusa kidole. "Lakini kunusa hamkuharamisha."

Akanusa. Hapo ndipo Bwana Bramwel alipoliona koti lake limetundikwa chumbani, na mama yake amesimama kanisani, na ndege inaruka na blanketi lake amepewa mtu mwingine. Alitaka kulia, naye ni mtu mzima mwenye kitambulisho shingoni.

"Bi," alisema kwa sauti ndogo, "niko wapi?"

Bi Radhiya alicheka hadi kofia ikamdondoka. Alipokwisha kucheka alimtazama kwa huruma ya kweli.

"Uko Amu, mwanangu," alisema. "Miaka yote hii wewe ulikuwa wapi?"

Idara ya Bwana Bramwel ilikuwa na jibu la kila kitu, lakini hili halikuwamo. Akakichukua kikombe akanywa, akala hamri, akala la pili, na Fez ikawa inakwenda zake kidogo kidogo kwa kila tonge, na jambo la kumshangaza ni kwamba tonge lilikuwa tamu.

Kwato zikasikika. Tarishi akatokea peke yake, maji mgongoni, kitambulisho kifuani. Akasimama mbele ya daka, maana kila siku hapo hupewa maganda ya tikiti. Akapewa. Akatafuna. Akaendelea na safari.

"Mfuate huyo," alisema Bi Radhiya. "Huko aendako ndiko kwenu. Kikombe nitakuwekea, uje umalizie."

Kiwanja cha Mkunguni kilikuwa kimejaa watu wasio na kazi na watu walioacha kazi ili waje watazame. Wa kwanza kutokea alikuwa Tarishi. Alivuka kiwanja, akaenda mahali pake pa kila siku karibu na ngazi za ngome, akasimama. Nyuma yake akaja Bwana Bramwel, na makombo ya hamri kwenye masharubu. Baadaye akafika Kagendo na leso mbili, mbuzi ya nazi na mkeka wa Kipungani, akasema hakununua, alibembelezwa. Austin aliletwa na vijana. Walimkuta barazani akicheza keram. Hakuuliza njia wala hakupotea, kwa kuwa hakuwa amekwenda popote.

Bi Chelangat alivaa miwani. "Mwenyekiti, taarifa."

Bwana Bramwel angeweza kudanganya. Kazini alikuwa na uzoefu. Lakini chai ilikuwa bado ina joto ndani yake.

"Niliuliza njia, Mkurugenzi. Nilikunywa chai. Nilikula mahamri, nayo hayakutajwa kwenye Kanuni, lakini niliyala kwa nia mbaya. Kwa mujibu wa masharti, aliyevuka mji bila kuuliza, bila kununua na bila kupokea chai, akiwa na kitambulisho halali, ni mmoja."

Watu wote wakamgeukia Tarishi.

"Hana pasipoti," alisema Nabhan haraka. Alikuwa ana mzigo wa matofali mchana ule.

Mkurugenzi akafikiri. Uso wake ukajaa huzuni rasmi. "Basi," alisema, "kwa kuwa ninyi mmeshindwa na huyu hana stakabadhi, mzigo huu mzito umeniangukia mimi. Nitakwenda Fez mwenyewe. Sipendi, lakini ni wito."

Bwana Bramwel akainua mkono, kama anavyofanya kwenye mikutano, bila ubaya wowote.

"Samahani, Mkurugenzi. Ni suala la utaratibu. Nilipoziandika Kanuni, uliniagiza niongeze kwamba kila anayekwenda afanye mtihani 'bila kujali cheo.'"

Watu wakapiga makofi. Safari hii hakuna kipaza sauti kilichowasumbua masikioni. Walipiga kwa moyo, wakapiga na vigelegele, na mtu akaanza kusafisha njia kuelekea Riyadha. Bi Chelangat alitazama huku na huku. Akavua miwani. Akavishwa kitambulisho cha Tarishi, kwa kuwa ndicho kilichokuwa kimefaulu.

Bwana Bramwel aliondoka zake kimyakimya, akapanda vichochoro kwenda kumalizia kikombe chake. Alipotea mara moja, akamuuliza Mzee Jaafar, akaelekezwa. Njiani simu ililia.

"Mwanangu, umeshafika Moroko?" aliuliza mama yake. Nyuma yake kulikuwa na sauti za waumini.

"Nimefika leo, mama. Iko nyuma ya ofisi."

"Na ndege?"

"Nililetwa na punda."

"Koti je, limekufaa?"

"Hapa kuna joto, mama. Nitamletea baba."

Alasiri iliwakuta dakani, yeye na Bi Radhiya, sinia jipya kati yao. Bwana Bramwel amevua viatu. Kofia ilikuwa inakaribia kumalizika. Kutoka mwisho wa uchochoro zikasikika hatua za viatu vya kisigino, zikakaribia, zikapita, zikapotelea kushoto. Baada ya muda zikatokea kulia. Kisha zikasimama mbele ya daka.

Mkurugenzi alikuwa amelowa jasho, na kitambulisho kimemgeukia mgongoni. Alimwona Bwana Bramwel. Akauzungusha uso juu, kwenye kuta, kama mtu anayenunua nyumba.

"Mahali hapa," alisema, "ni pazuri."

"Ni pazuri, alhamdulillahi," alijibu Bwana Bramwel.

"Pana jina, bila shaka."

"Panalo," alisema Bwana Bramwel, akammiminia kikombe kilichojaa hadi ukingoni, akamsogezea.

Mkurugenzi akakitazama kikombe.