Mikono Minne ya Kaboni

Jumatatu, 4 Agosti

Umefika! Ubao wangu wa kaboni. Mweusi, unang'aa, mwepesi kama biskuti, mgumu kuliko bati. Nimeugonga kwa kijiko mara kumi, kwa furaha tu. Mota, betri na kamera ninazo tayari. Imebaki kukata mikono minne ya kuzibeba, na drone yangu itaruka juu ya mtaa wetu wote wa Mangobo!

Papa Bilali anamwoza binti yake Nadia Jumamosi, anataka msafara upigwe picha kutoka juu. Amesema kazi ni ya yule ambaye drone yake haitatikisika. Hugues wa ng'ambo ya barabara naye anaitaka. Lakini drone ya Hugues ina mikono ya triplex, mbao nyembamba za kugandishwa! Hewani inatetemeka kama mgonjwa wa malaria. Namhurumia. Hapana, simhurumii.

Jumanne, 5 Agosti

Video niliyoitazama inasema: kata nje, kata ndani ya maji, vaa maski. Nje? Ili Hugues aone vipimo vyangu? Maji? Beseni lina pondu, majani ya muhogo ya mke wangu Ursule. Maski? Kwa joto hili?

Ursule alipokwenda sokoni kununua uzi, nilifunga madirisha ya sebule, nikavua shati, nikawasha disqueuse ya kukatia vyuma. Kelele tamu! Mikono minne, mizuri ajabu. Vumbi jeusi lilitanda kila mahali, laini kama masizi. Nimelifukuza kwa feni. Sebule safi. Limekwenda wapi? Sikuuliza.

Jumatano, 6 Agosti

Ninajikuna. Tumbo, shingo, na mahali pengine ambapo sitapaandika. Nesi wa mtaa alinitazama, akarudi nyuma hatua mbili, akasema ni upele. Pomada aliyonipa inanuka kama tairi.

Halafu balaa. Ursule anashona nguo tisa za wasindikizaji wa Nadia, kwa harusi hiyo hiyo. Mbili zimekwisha. Leo amekanyaga pedali ya mashine yake ya umeme, pale pembeni ya sebule: pah! Cheche, moshi, kimya. Akaniita. Si mimi ndiye fundi wa simu? Nikafungua. Ndani, vumbi jeusi.

"Sylvain, hii kitu nyeusi iko nini?"

Nikasema ni masizi kutoka jikoni kwa jirani. Kwa bahati mbaya nilikuwa na tester ya kupimia umeme mkononi. Ncha zake zikagusa vumbi, nayo ikalia: tiiii! Linapitisha umeme! Nilishangilia kama mtafiti mkubwa. Nadhani hapo ndipo nilipojisaliti.

Ursule hakugomba. Alikaa, akaweka kitambaa cha zambarau magotini, akalia. Miaka kumi na moja ya ndoa, nimemwona akilia mara mbili tu, na zote zilikuwa msibani. Afadhali angenipiga kwa mwiko wa kusongea fufu.

Alhamisi, 7 Agosti

Mashine ya kushona kwa miguu, isiyohitaji umeme, iko moja tu hapa mtaani. Ni ya Mama Florentine. Na Mama Florentine ni mama wa nani? Wa Hugues. Bien sûr, nani mwingine!

Nilianza kuvuka barabara mara tatu. Mara mbili nilirudi.

Mama Florentine alikubali papo hapo. Hugues akasema, mama, ngoja kwanza. Anataka mikono yangu minne. Nikamjibu kwamba afadhali nife. Kisha nikakumbuka kile kitambaa cha zambarau. Nikampa. Mashine tuliibeba sisi wawili, yeye akipiga mluzi, mimi nikijikuna kwa mkono uliobaki.

Jioni Papa Bilali aliona mikono ile kwenye drone ya Hugues. Akampa kazi bila hata kuona ikiruka!

Ijumaa, 8 Agosti

Ursule anashona tangu asubuhi. Ameniambia maneno manne: leta uzi, funga mlango. Mwanzo mzuri.

Kwa kuwa sina kazi, nikapima karatasi niliyochorea mikono. Mungu wangu! Wa tatu niliukata mfupi kwa milimita nne! Drone ya Hugues itainama, itazunguka, itaanguka mbele ya watu wote! Nimecheka hadi nikasahau kujikuna. Nimwambie? Aliniuliza?

Jumamosi, 9 Agosti

Nguo zote tisa zilikwisha. Wasindikizaji walipotoka, wanawake walipiga vigelegele, na Ursule akatabasamu. Kisha Hugues akarusha drone. Ikasimama hewani, sawasawa juu ya Nadia. Mapanga manne yanazunguka, na chini yake kichwa cha mtoto wa watu. Sikucheka tena.

Nilikimbia katikati ya msafara, mikono juu.

"Lala chini! Mukono moja iko mufupi! Lala chini!"

Wasindikizaji tisa walijitupa chini. Zambarau yote mavumbini! Nadia peke yake alibaki amesimama, ameduwaa. Na drone? Ilitulia hewani kama picha ukutani. Ndani yake kuna kompyuta ndogo inayosawazisha makosa madogo kama yale. Nilijua hilo. Nilisahau tu.

Nadia ndiye aliyecheka kwanza, hadi akashika kiuno. Kisha wote, isipokuwa Ursule, aliyekuwa anapangusa nguo moja moja huku akinitazama. Papa Bilali ameitazama video mara tano, na kila mara anaomba sehemu ile ile.

Hugues alinivuta pembeni akauliza nilijua tangu lini. Nikasema tangu jana. Akaitazama drone yake, kisha akanitazama mimi.

"Bon. Lakini ulikuja mbio."

Akaniletea sahani ya pilau. Nyama mbili! Ni mtu mzuri. Sitamwambia.

Jumapili, 10 Agosti

Hugues anataka mikono mingine minne, yenye urefu sawa, na tutafanya kazi pamoja. Amenipa nusu ya ubao wa kaboni alioununua leo kwa pesa za harusi! Ursule amekwenda Banalia kwa mama yake hadi Jumatano. Ameniachia amri moja tu: nisikate tena sebuleni. Amri ya haki. Nimeapa mbele yake, na kiapo changu nakiheshimu.

Nitakatia chumbani. Godoro ni nene, litameza vumbi lote.